Ubunifu unataka upweke au msikilizaji?

Mtu wa Lubumbashi, hapa Kongo, akisema anataka kukaa peke yake ili afikirie kazi yake, watu wa lupango, yaani wa ua mmoja, huanza kuulizana ana nini. Mgonjwa? Anadaiwa? Nyumba ina watoto, binamu aliyetoka kijijini, jirani aliyekuja kuchaji simu. Utulivu hupatikana usiku, na usiku ndipo umeme hukatika. Kwa hiyo ushauri wa kujitenga ili ubuni ni ushauri wa mwenye chumba cha ziada.

Hata hivyo, wanaoutoa wana hoja. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu wanne waliotafuta mawazo kwa pamoja na wanne waliotafuta kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliotengana walipata mengi zaidi. Maelezo mojawapo yaliyotolewa baadaye ni kwamba mmoja akisema, wengine wanangoja zamu, na wazo linalongojeshwa husahaulika. (Aliyekaa kwenye mkutano wa kazi ulioanza saa tatu ukaisha saa saba hahitaji utafiti.)

Upande wa pili una ushahidi hapahapa mjini. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walifanya kazi humo, na ungetarajia wafanane. Bela alichora kwa vidole. Mwenze alijaza picha kwa vistari vingi vifupi. Pilipili alijulikana kwa ndege na samaki wake. Walikaa pamoja, lakini kila mmoja alibaki na mkono wake.

Anayenisumbua zaidi ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Miaka ya 1970 wachoraji wa huku waliishi kwa kuuza picha za kutundika sebuleni: mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, au Colonie belge (koloni la Ubelgiji) yenye askari na mfungwa anayechapwa. Mteja alijua anachotaka, mchoraji akarudia ileile. Watu hawakukosekana, tena ndio waliomfunga. Kisha akakutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa, akapata mtu wa kumsikiliza. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi katika picha 101. Alizileta kwa mafungu, wakazizungumzia kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka.

Ndiyo maana sioni faida ya kuhesabu watu waliomzunguka mbunifu. Naangalia wamekuja kumtaka nini. Lakini tuseme yote: msikilizaji yule pia alinunua.

Jirani yangu fundi cherehani hupokea wateja kutwa, kila mmoja na picha kwenye simu: nishonee hii, usibadilishe kitu. Mitindo yake mwenyewe huikata usiku kwa tochi, huitundika nyuma ya mlango, na sijasikia mteja akiuliza ile ni ya nani.