Zimebaki bomba tu? Kampuni za simu na hesabu ya baiti kutoka mwaloni Kirumba

Fundi simu mmoja wa Makoroboi, hapa Mwanza, kijana ambaye nimempelekea vioo vilivyopasuka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, ana msimamo wake kuhusu kampuni za simu. "Kaka, hawa jamaa walijiroga wenyewe. Wametuletea data, sasa nani anapiga simu ya kawaida? Wamebaki bomba tu. Maji ni ya WhatsApp." Na hakusema bomba kwa maana ile ya vijana. Alimaanisha bomba la plastiki, lile la kupitisha mali ya mwingine.

Kauli hiyo utaikuta kwenye vijiwe vingi vya mjini Mwanza, na wanaoisema si wajinga. Ina ushahidi mzito. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa takriban dola bilioni 19, nayo haikuwa na mnara hata mmoja. Ukirudi nyuma hadi mwaka 2000, Uingereza iliuza leseni za masafa ya 3G kwa pauni bilioni 22.5, na Ujerumani ikakusanya karibu euro bilioni 50. Walionunua waliota simu za video zinazotozwa kwa dakika, huku kila huduma ikipita kwenye kaunta yao. Watu walipokuja kuzoea simu za video, walizipiga kwa programu za wengine.

Kuna hoja nyingine ambayo hata fundi wangu hakuitaja, ingawa ndiyo inayouma zaidi. Huduma mpya iliyobadilisha maisha yetu kuliko zote, pesa kwa simu, haikuzaliwa na data. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika kwetu Tanzania 2008, ikipita kwenye menyu ya laini, meseji na USSD (zile namba za nyota na reli), yaani njia zilezile ambazo mtandao hutumia kupeana ishara. Ndiyo maana bibi mwenye kiswaswadu kisichojua intaneti ni nini anapokea hela ya mjukuu bila shida. Kwa hiyo anayetaka kuitetea data akubali kwanza kwamba mtoto aliyefanikiwa kuliko wote katika nyumba hii si wake.

Hayo nayakubali, lakini bado naona mjadala wetu unatazama upande mmoja wa mizani, kwa sababu tunahesabu kile tunachokiona kwenye kioo cha simu.

Asubuhi moja nenda mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni hapa Mwanza, wakati boti za visiwani zinashusha. Dagaa wa Ukerewe, wa Ukara na wa visiwa vya mbali zaidi wanafika kwenye magunia. Mchuuzi mwenye magunia matatu hakodi boti nzima. Magunia yake yanapandishwa pamoja na ya wenzake, kila moja na alama ya mwenyewe, na analipia mzigo wake basi. Boti ikijaa, yaliyobaki yanasubiri inayofuata.

Simu za zamani zilikuwa kinyume cha hapo. Katika GSM, teknolojia ya simu za kizazi cha pili (2G), kila chaneli ya redio imegawanywa nafasi 8, na ukipiga simu unapewa nafasi yako mpaka ukate. Ukinyamaza dakika nzima ukitafuta la kusema, nafasi ni yako na pesa inakatika. Hata data ya mwanzo ilisafiri hivyohivyo: unapiga namba, unashika nafasi, unapata kilobiti 9.6 kwa sekunde, na unatozwa kwa dakika. Ni kukodi boti nzima kwa ajili ya gunia moja. GPRS, njia mpya ya kupitisha data juu ya GSM, ilipoanza kuenea karibu na mwaka 2000 ikaleta utaratibu wa magunia. Ujumbe unakatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kipande kinabandikwa anwani, vinapanda kwenye nafasi iliyo wazi pamoja na vya watu wengine, na unalipia uzito. Huhitaji kupiga namba yoyote. Simu imeunganishwa kutwa nzima, ila usipotuma kitu hudaiwi kitu.

Watu wengi hudhani faida ya mabadiliko hayo ilikuwa kasi. Mimi nadhani ilikuwa mita. Mfano mzuri ni Japani. Februari 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha i-mode, huduma ya kurasa ndogo kwenye simu: habari, hali ya hewa, benki, tiketi. Ilitoza yeni 0.3 kwa pakiti ya baiti 128 (baiti ndiyo kipimo cha uzito wa data), na kwa kurasa za kulipia ikawakusanyia wenye maudhui pesa zao na kubakiza kamisheni ya asilimia 9. Mamilioni ya watu wakajiunga. Ulaya nako wakati uleule kulikuwa na WAP, yenye vioo vidogo vilevile na kurasa fupi vilevile, lakini mwanzoni ilipita kwenye laini ya kupiga: unasoma habari huku dakika zinakimbia. Watu waliijaribu, wakaona salio lao, wakaiacha. Zilikuwepo sababu nyingine, sikatai, lakini hakuna anayesoma kwa utulivu akiwa amekodi boti.

Hesabu ambayo imenikaa kichwani miaka mingi ni ya meseji. Meseji moja ya herufi 160 ina uzito wa baiti 140 tu. Baiti milioni moja, kwa maneno mengine MB moja, zinabeba meseji 7,142. Tuseme meseji nje ya kifurushi ni shilingi 20. Basi MB moja iliyouzwa kwa njia ya meseji ingetoka kwa shilingi 142,840. Rudia kusoma hapo. MB hiyohiyo leo huifikirii. Picha moja ya harusi inaimeza na kuomba nyingine.

Fundi wangu atasema hapo ndipo wamekula hasara, kitu cha laki moja na ushee sasa kinakwenda kwa bei ya karanga. Ni kweli kwa anayeuza meseji. Lakini igeuze hesabu hiyo uone ni nani alikuwa hawezi kununua kabisa kwa bei ile ya zamani.

Chukua basi linalotoka stendi ya Nyegezi alfajiri kwenda Dar es Salaam. Limefungwa kifaa ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hukitumia kufuatilia mwendo, kile ambacho madereva wanakilalamikia wakizidisha spidi 80. Tuseme kila dakika kinatuma taarifa ya baiti 140, pamoja na kibandiko cha anwani. Kwa siku nzima ni baiti 201,600. Kwa mwezi ni MB 6 hivi, pungufu ya wimbo mmoja na nusu. Kama kingetuma taarifa hizohizo kwa meseji za shilingi 20, kingetumia shilingi 28,800 kwa siku, shilingi 864,000 kwa mwezi, kwa basi moja. Hakuna mmiliki ambaye angekubali, na hakuna mamlaka ambayo ingethubutu kulazimisha. Huduma hiyo isingekuwa ghali tu, isingekuwepo kabisa.

Na haiko peke yake. Mashine za risiti za EFD ambazo TRA, mamlaka ya mapato, ilizileta mwaka 2010 zina laini ndani yake. Muuza vifaa vya ujenzi pale Nyakato anapotoa ripoti ya Z jioni, ile karatasi ndefu inayotoka ikilia, mauzo yake yanakwenda serikalini kwa pakiti. Mashine ya kadi ya wakala wa benki ina laini. Baadhi ya mitambo ya sola ya kulipa kidogo kidogo ina laini, na usipolipa inajifunga yenyewe bila mtu kuja kugonga mlango. Katika zote hizo mteja hasemi hata "haloo". Kila moja ni laini iliyouzwa na kampuni ya simu, inayolipiwa mwezi kwa mwezi, isiyohama mtandao kwa sababu ya promosheni, isiyopiga huduma kwa wateja kulalamika. Mtandao wa pakiti unairuhusu kampuni izipe mashine hizo mlango wake binafsi, tofauti na ule unaopitisha video zetu. Kuuza mlango wa namna hiyo ni biashara mpya kabisa, na haikuwezekana enzi za kushika nafasi. Bomba tupu haliwezi kukuuzia mlango wako peke yako.

Hata WhatsApp yenyewe, ukiitazama ukiwa mwaloni, haionekani kama mwizi wa maji. Kuna mama ninayemfahamu Kirumba, muuza dagaa wa jumla. Mteja wake yuko Lubumbashi. Zamani alimweleza mzigo kwa simu, "ni wazuri, wamekauka," na mteja alipaswa kuamini au kusafiri. Siku hizi anachota kiganja cha dagaa, anakisogeza kwenye jua, anapiga picha moja, halafu anamimina chini taratibu akirekodi ili mteja asikie. Ndiyo, asikie: dagaa aliyekauka vizuri ana mlio wake. Mteja akiridhika, pesa inaanza safari, na mwisho wake ni simu ya mama ikilia meseji ya muamala. Hapo mwenye WhatsApp hajapata hata senti kutoka kwa mama. Kampuni ya simu imeuza bando la asubuhi, na mama atakapotoa hela kwa wakala itakata ada yake. Picha ilipita bure kwenye programu ya mtu mwingine, lakini ndiyo iliyoivuta pesa ikatua kwenye kaunta ya mwenye mnara.

Sasa nije kwenye lawama ambayo siwezi kuitetea. Mwaka jana nilipanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nikiwa na bando la saa 24 la kampuni moja, jina lake tuliache. Ziwani mtandao ni wa kubahatisha. GSM ya kawaida haifiki zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara hata kama maji ni tambarare na hakuna mti wa kuzuia, kwa sababu ishara ikichelewa kupita hapo inaanza kuingia kwenye nafasi ya jirani. Na kabla ya kufika huko data huwa imeshazimia. Nikakaa kwenye benchi nikitazama maji. Kesho yake nilipopata mtandao wa uhakika, ujumbe wa kwanza ulinitaarifu kwamba kifurushi changu kimekwisha muda. MB zaidi ya 700 zilikuwa zimekwenda, hakuna aliyezitumia.

Watu wa kampuni wana jibu lao, na si la kipuuzi: nafasi ya hewani haihifadhiwi ghalani. Kiti cha basi lililoondoka kitupu hakiuzwi tena kesho. Kila mtu akilimbikiza MB na kuzimwaga Jumapili jioni, mnara utaelemewa, na gharama ya kuongeza uwezo itarudi kwa haohao wateja. Bando lenye mwisho ndilo linalowawezesha kuuza kwa bei ya chini. Naielewa hoja hiyo. Hata ile kelele ya Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipotangazwa na kusitishwa baada ya wananchi kupiga kelele, ilionyesha jinsi bei ilivyo kamba nyembamba kwa pande zote.

Ila mtambo wa pakiti unahesabu baiti. Haujui saa sita usiku ni nini. Saa iliwekwa na idara ya mauzo, baadaye, juu ya mita iliyokuwa tayari inapima kwa haki. Mchuuzi wa Kirumba akipimiwa kilo 50 halafu aambiwe zisipofika sokoni kabla ya jua kuzama zinarudi kwa mwenye mizani, patachimbika. Ndipo ninapotofautiana na fundi wangu: data haikuzinyang'anya kampuni biashara, iliziletea namna mpya ya kupima, na baadhi yake zikaishika ile mizani kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika saa. Vifurushi visivyo na kikomo cha muda vipo siku hizi, kwa bei ya juu zaidi, na kwa mtu wa visiwani anayekaa nje ya mtandao nusu ya wiki hivyo ndivyo vingepaswa kutangazwa kwa sauti kubwa kwenye mabango ya gatini. Sijaviona kwenye mabango hayo.

Yule mama wa dagaa hana habari na mabishano yangu na fundi. Akimaliza kumtumia mteja picha anazima data papo hapo. "Nikiiacha wazi inakula yenyewe," anasema, na ni kweli. Lakini mara ya mwisho nilipomkuta ilikuwa jioni, magunia yameshapakiwa kwenye fuso, na aliiwasha tena bila kuwa na mteja. Akaangalia salio la bando. "Zimebaki MB 38, na usiku zinakatika. Ngoja nimpigie mjukuu wangu kule Magu, video, nimwone meno yameota mangapi."