Kabla ya kuwapandisha kizimbani, waulizeni wamekimbia nini

Kila gari likikamatwa maeneo ya Holili au Himo, huku Kilimanjaro karibu na mpaka wa Kenya, likiwa limejaa vijana wa Kiethiopia, habari huandikwa kwa mtindo uleule: wahamiaji haramu wamenaswa, watafikishwa mahakamani. Baada ya muda unasikia wamekiri kosa, wametozwa faini wasiyokuwa nayo, wako gerezani. Katikati hapo kuna swali ambalo haliulizwi, nalo linaniuma sana: kuna aliyetaka kujua wamekimbia nini?

Najua wengi wao hawakukimbia vita. Wanatoka kusini mwa Ethiopia, sehemu kama Hadiya, wanaelekea Afrika Kusini kutafuta riziki, na madalali wamewakamua njia nzima. Hao Sheria ya Uhamiaji ina neno nao. Lakini ndani ya lori hilohilo anaweza kuwemo kijana aliyetoroka Tigray au Oromia, majimbo mengine ya Ethiopia, kwa kuwa ndugu zake wameuawa. Humjui kwa kumtazama usoni.

Sheria yetu wenyewe, ile ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inampa anayeomba hifadhi siku 7 tangu aingie nchini awe amejitokeza kwa wahusika, na miongoni mwa wanaoweza kumpokea yumo mtendaji wa kijiji. Ndiyo, mtendaji wa kijiji, huyuhuyu anayetugongea muhuri kwenye barua za utambulisho. Niliongea na watendaji wawili watatu wa huku mpakani. Hakuna aliyewahi kuelekezwa afanye nini mtu wa namna hiyo akimbishia hodi.

Halafu kuna Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964. Ibara ya 31 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari, amejitokeza bila kuchelewa na ameeleza sababu. Mtu atasema: hawa wamepita Kenya, mbona hawakuomba huko? Hoja hiyo inaweza kuwa na uzito kwenye suala la adhabu. Kwenye kumrudisha kwao haina uzito huo, maana ibara ya 33, inayokataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yako hatarini, haina sharti la njia aliyopita.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la nyuma la mahakama moja mkoani hapa wakati kesi ya namna hii ikisomwa. Vijana walisimama wameshikilia suruali kwa mkono, maana mikanda walivuliwa mahabusu. Mkalimani alikuwa mshtakiwa mwenzao, anayebabaisha Kiswahili alichookota njiani. Shtaka refu likasomwa, yeye akawaambia maneno kama matano, wote wakatikisa vichwa. Ikaandikwa wamekiri.

Na Arusha si mbali na hapa. Pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa ilikokuwa mahakama ya Umoja wa Mataifa mpaka mwaka 2015, watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walitafsiriwa kesi zao kwa Kinyarwanda, wakiwa na wakalimani waliosomea kazi hiyo, na wasio na uwezo wakilipiwa mawakili. Ilikuwa haki yao, wala siwaonei kijicho. Nashindwa tu kuelewa kwa nini mtoto wa miaka 19 ambaye kosa lake ni kupita njia ya panya akose hata mtu wa kumweleza ameshtakiwa nini.

Kumsikiliza hakumaanishi kumfungulia milango yote. Hata akitambuliwa, atapelekwa kambini Kigoma, na kutoka kambini ni kwa kibali. Hilo nalo lina mjadala wake.

Ninachotaka kinawezekana mwaka huuhuu. Uhamiaji na mahakama za Kilimanjaro na Arusha ziwe na orodha ya wakalimani wa Kiamhari, Kioromo, Kitigrinya na Kisomali, hata wa kupigiwa simu. Swali la kwanza kwenye fomu ya mahojiano liwe: unaogopa kurudi kwenu, na kwa nini? Akisema anaogopa, faili lake lipite kwanza Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla mwendesha mashtaka hajaligusa.