Vigezo na masharti kuzingatiwa: ruzuku kwa wanaosomesha watoto nyumbani

Mei 2025 Gavana Greg Abbott wa Texas alitia saini sheria iliyotenga dola bilioni 1 za kuwasaidia wazazi wanaosomesha watoto wao nje ya shule za umma. Mwenye mtoto shule binafsi anapata dola 10,000 na ushee kwa mwaka. Anayemfundisha mwanawe sebuleni, mwisho wake ni dola 2,000, kama shilingi milioni 5 za kwetu. Hapa Dar es Salaam wapo wazazi walioifuatilia habari hiyo kuliko unavyodhani. Wanaosomesha nyumbani Mbezi Beach, Goba au Kigamboni mara nyingi wanatumia masomo ya Kimarekani au ya Cambridge, wamo kwenye makundi ya WhatsApp na wenzao wa ng'ambo, na ubishi wa kule umewaingia. Kuna waliosema haki imetendeka, kuna waliosema huo ni mtego. Kisha likaja swali la kwetu: serikali yetu ikileta kitu kama hicho, tupokee?

Najua kuna atakayecheka. Nchi inayohangaika na madawati itamlipa mzazi wa Mikocheni aliyeamua mwenyewe kumtoa mwanawe shule? Cheka, lakini angalia na hili. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 31, 2025, imefanya elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Kipindi cha lazima kikirefuka, ipo siku serikali itageuka kuwaangalia walio nje ya madarasa na kuamua iwafuate kwa fimbo au kwa fedha. Siku hiyo ikifika ni afadhali tuwe tumeshabishana.

Wanaotaka kupokea wana hoja, tena si nyepesi. Mzazi huyu analipa VAT ya asilimia 18 dukani kama kila mtu, na akiwa ameajiriwa anakatwa PAYE kabla hajauona mshahara. Ada ya shule za msingi ilifutwa wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Yeye amechangia yote hayo, na mwanawe hajatumia hata chaki. Akiomba kipande kidogo cha alichochanga, anaomba hisani gani?

Na si wote wenye nazo. Namjua mama mmoja wa Goba ambaye mwanawe ana usonji. Shule ya kwanza ilimrudisha nyumbani kabla muhula haujaisha. Ya pili ilimpokea, ikamkalisha nyuma ya darasa na penseli za rangi achore mpaka kengele ya kutoka. Sasa anasomea kwenye meza ya chakula. Kadi za herufi zimebandikwa kwenye mlango wa friji, na zile alizokwisha kuzimudu zimehamishiwa chini, usawa wa mkono wake, azichezee. Mama ameacha kazi ya ofisini, anaoka keki za oda usiku. Mwambie mama huyu kwamba kupokea fedha ya serikali ni kuuza uhuru wake. Atakuuliza huo uhuru unamlipa nani wa kumfundisha mtoto kuongea.

Tuje kwenye kiasi, maana watu wanabishana utadhani hundi imeshaandikwa. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi hupigwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka; sekondari ni 25,000. Kweli, mtoto anaigharimu serikali zaidi ya hapo, kwa kuwa mishahara ya walimu hulipwa kando. Lakini fedha ambayo tayari inahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi ndiyo hiyo. Ikitangazwa kesho kwamba ruzuku imfuate mtoto popote anaposomea, mama wa Goba atapata elfu kumi kwa mwaka mzima. Kwa elfu kumi umkaribishe ofisa elimu aje kukagua ratiba yako? Mimi ningemwambia aibakize huko huko.

Kiasi kikiwa kikubwa, risiti zinaingia, na hapa naona kikwazo ambacho Wamarekani hawakizungumzii sana. Mipango ya kwao haimkabidhi mzazi noti mkononi. Fedha inakaa kwenye akaunti maalumu, inatumika kwa mambo yaliyoruhusiwa na kwa watoa huduma waliokubaliwa. Sasa tazama mtoto anavyosomeshwa nyumbani katika jiji hili. Mwalimu wa hesabu ni kijana aliyemaliza chuo na hajapata ajira. Anakuja Jumanne na Alhamisi kwa daladala, akimaliza anatumiwa chake kwa M-Pesa. Vitabu vingi ni vya mitumba, vya kupangwa chini kando ya barabara pale Posta, na bei ni ya kuelewana. Bando la intaneti linanunuliwa la siku, la wiki, kadiri mfuko unavyoruhusu. Fundi aliyefufua kompyuta yuko Kariakoo ndani ndani, na ukimdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anakuangalia mara mbili kuona kama umetumwa na TRA.

Hakuna hata mmoja kati ya hao atakayeingia kwenye orodha ya waliosajiliwa. Watakaoingia ni kampuni zenye ofisi, TIN na mhasibu, na bei zao hazitabaki zilipo, kwa sababu kila muuzaji atajua mnunuzi ana fungu lisilotumika kwingine. Mzazi atajikuta anamwacha yule kijana wa Jumanne na Alhamisi, ambaye mtoto amemzoea, anamchukua mwalimu wa kampuni kwa sababu ndiye anayelipika. Ruzuku itakuwa imempangia nani amfundishe mwanawe bila mtu yeyote wizarani kuandika agizo.

Arizona imepita njia hii. Mpango wake wa akaunti ulianza 2011 kwa watoto wenye ulemavu, ukafunguliwa kwa watoto wote mwaka 2022, karibu dola 7,000 kwa mtoto. Haukupita muda vyombo vya habari vya kule vikawa vinaripoti fedha za umma zilizonunua Lego, piano na tiketi za kuteleza kwenye theluji. Watetezi wakajibu kwamba hata shule zina piano, na jibu hilo lina mantiki yake. Ila kelele za aina hiyo ndizo hunenepesha kitabu cha masharti, na masharti hayo humbana hata yule aliyenunua daftari na kalamu tu. Kuna lingine ambalo hapa Dar sisikii likitajwa: kisheria, familia ya Arizona inayochukua fedha hizo haihesabiwi tena kuwa inasomesha nyumbani. Inasaini mkataba na jimbo, na inaondoka kwenye kundi la wale waliowasilisha tamko la kusomesha nyumbani. Si ajabu HSLDA, chama cha kisheria kilichoanzishwa 1983 kuzitetea familia hizi, kimekuwa kizito kwa miaka mingi kuunga mkono fedha za serikali.

Alaska nako, Aprili 2024 jaji mmoja wa Anchorage alibatilisha sheria iliyoruhusu posho za wanaosomea nyumbani zitumike kwa watoa huduma binafsi. Mahakama ya Juu ya jimbo ilitengua uamuzi huo mwezi Juni. Katikati hapo maelfu ya familia zilikaa roho juu.

Lakini kwa nini twende Alaska wakati Pugu ipo hapo? Waingereza walianza kuzipa shule za misheni ruzuku katika miaka ya 1920, kwa masharti: mtaala uwe huu, walimu wawe na vyeti, mkaguzi apite. Misheni zilipokea, na shule zao zikakua. St. Francis ya Wakatoliki pale Pugu, alikofundisha Julius Nyerere hadi 1955, na St. Andrew's ya Waanglikana pale Minaki ni za enzi hiyo. Ilipokuja Sheria ya Elimu ya 1969, shule zilizokuwa zikisaidiwa na serikali zikawa za serikali. Shule ya wavulana ya Aga Khan hapa mjini ndiyo Tambaza ya leo. Seminari ziliachwa. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Sisemi utaifishaji ule ulikuwa dhuluma tupu, maana uliwafungulia milango watoto ambao dini yao iliwanyima nafasi. Ninachosema ni kwamba serikali iliyochukua haikuwa ile iliyotoa. Masharti yale ya miaka ya 1920 yalisimamiwa na watu ambao hawakuwa na habari kwamba kutakuwa na 1969.

Wapinzani wa ruzuku hupenda kuishia hapo, na mimi siwakubalii, kwa sababu historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Vyuo vya Kur'ani havikupata ruzuku ya mkoloni. Hakuna aliyevikagua, hakuna aliyevitaifisha, na hadi leo asubuhi ya Jumamosi utavisikia Temeke na Magomeni. Lakini mtoto aliyeishia chuoni peke yake hakupata cheti kilichokuwa kinafungua mlango wa ofisi ya serikali, na manung'uniko ya jambo hilo hayajaisha mjini hapa. Kukataa nako kuna bei, na mara nyingi anayeilipa si mzazi aliyekataa.

Mfano ninaoupenda ni wa Alberta, Kanada. Kule mzazi anachagua. Akikubali kusimamiwa, mwalimu mwenye cheti anamtathmini mtoto walau mara mbili kwa mwaka, na mzazi anarudishiwa gharama zisizofika dola 1,000 za Kanada. Asipotaka kusimamiwa, anatoa taarifa tu, hapati senti, na anaachwa na watoto wake. Njia zote mbili ni halali, na uzuri wa ile ya kwanza unategemea kuwepo kwa ya pili. Oklahoma ya Marekani ilipita kwingine mwaka 2023: nafuu ya kodi hadi dola 1,000 kwa mtoto anayesomea nyumbani. Ni nyepesi zaidi, lakini ingeletwa hapa ingemfaa mwenye mshahara wa kukatwa PAYE. Muoka keki wa Goba hayumo.

Na tusijifanye fedha yenye masharti ni ngeni kwetu. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizilipa kaya maskini, na sehemu ya malipo inategemea mtoto ahudhurie shule walau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa maneno mengine, motisha ya serikali kuhusu mahali pa kusomea tayari ipo, na inavuta kuelekea shuleni. Kaya ya aina hiyo ikiamua kumfundishia mtoto nyumbani inapoteza fedha. Ubishi wetu wa kupokea au kutopokea ni wa watu ambao wakikosa bado watakula.

Basi msimamo wangu: kwa sasa tusipokee, na wala si kwa sababu fedha ya serikali ina najisi. Tatizo ni kwamba hatuna pa kusimama. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anaandikishwa shule ya msingi na anahudhuria mpaka amalize. Haina kifungu kinachomtambua anayesomea mezani kwa mama yake. Kupokea ruzuku kwa waraka wakati sheria yenyewe haikujui ni kujiandikisha kwa mkono wako kwenye orodha ya watoto wasio shuleni, na waraka hufutwa na waraka mwingine.

Cha kudai kwanza ni mtihani. Anayesomea nje ya shule anaweza kupita kwenye QT, mtihani wa kupima sifa, na kuufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mwenye vyeti vya Cambridge anaweza kuomba NECTA, baraza la mitihani, imlinganishie matokeo. Huku chini, ngazi ya msingi, mtihani unapitia shuleni. Mtoto wa nyumbani akiruhusiwa kuandikishwa kwenye shule ya jirani kwa ajili ya mtihani, akaingia maabara yake siku moja kwa wiki na kuazima vitabu vyake, atakuwa amefaidi kodi ya mzazi wake bila shilingi kupita mkononi mwa mtu. Hilo lingenitosha kwa miaka kadhaa, tukiwa tunagombania kifungu kwenye sheria.

Wenye watoto wenye ulemavu nawatoa kwenye msimamo huu. Wao kungoja kifungu ni kumpotezea mtoto miaka ambayo hairudi, na shule nyingi zilishawaonyesha mlango. Fomu ikija, ningekaa na mama wa Goba tuijaze. Tungeanzia nyuma, kwenye kifungu cha kujitoa, tuone kama ukiacha kupokea mwezi Juni wanakudai ulichotumia tangu Januari au wanakuachia.