Kima punju hajui barabara ni ya wizara gani

Wiki iliyopita nilipanda gari ya shamba kutoka Mjini, Unguja, kwenda Jambiani. Tulipoingia msitu wa Jozani dereva akapunguza mwendo kabla hata hatujalifikia tuta. Bi mkubwa aliyekaa nyuma yangu na ndoo yake akauliza, "Mwanangu, vipi tena, gari imeharibika?" Dereva akajibu bila kugeuka, "Hapana, mama. Saa hizi huwa wanavuka, wanaufuata mkungu ule." Kweli, mbele kidogo kima punju watatu wakakata lami, mmoja mtoto kamng'ang'ania tumboni.

Yule dereva anaijua saa na anaujua mti. Nilimuuliza kama amewahi kuitwa na ofisi yoyote akaeleza anachokiona. Akacheka.

Kwa msio wenyeji: Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na barabara ya kwenda kusini inapita humo humo. Kima punju hapatikani popote duniani ila Unguja na visiwa vyake vidogo, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya sabini. Kabla ya matuta kuwekwa, inaelezwa kwamba gari lilikuwa likiua kima mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya matuta manne, wanazuoni walioshirikiana na wahifadhi wa Jozani walihesabu kifo kimoja kila wiki sita hivi. Tuta la lami limefanya kazi ambayo mabango hayakuiweza. Lakini hesabu hiyo bado ni kima wanane, tisa kwa mwaka, na hao ni wale walioonekana tu. Aliyegongwa akaenda kufia kichakani nani atamhesabu?

Sasa tazama nani ana nini. Watu wa misitu wanajua kima wanalala wapi na wanakula nini. Watu wa barabara wanajua lami, mteremko na uzito wa magari. Trafiki wanajua wanaokimbia. Wa utalii wanajua ni gari ngapi za wageni zinakwenda Paje. Chuo kikuu kina vijana wanaotafuta mada ya kuandikia. Kila mmoja ana ripoti yake kabatini, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukifika wakati wa kutia lami upya, mchoro unatoka ofisi moja, na hawa wengine wanaitwa siku ya uzinduzi kuja kupiga makofi.

Mfano ninaoupenda unatoka Marekani, na ni wa zamani. Miaka ya 1920, katika Hifadhi ya Glacier huko Montana, mhandisi alichora barabara ya kupanda mlima kwa kona kali 15. Thomas Vint, mbunifu wa mandhari wa upande wa hifadhi, akakataa, akasema mlima utachubuliwa mno. Yeye alitaka njia ichongwe ubavuni mwa mlima, iwe na kona kali moja tu. Ilikuwa ghali zaidi. Hawakumalizana kwa barua. Waliletwa wapimaji wa idara ya barabara ya serikali kuu, wakapima mwaka 1924, na njia ya Vint ikashinda. Mwaka 1926 idara hiyo na ile ya hifadhi zikatiliana saini ya kujenga pamoja barabara za hifadhi. Ile ya Glacier ilizinduliwa 1933 na magari yanapita mpaka leo. Sisemi Marekani ni peponi, ofisi zao nazo hugombana. Ila ule ugomvi ulitokea penseli ikiwa bado mkononi, kabla ya baruti.

Kuna watakaosema, wewe unahangaika na kima, mama mjamzito wa Makunduchi anataka kuwahishwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Nakubali, tena kwa mikono miwili. Ndiyo maana nataka utafiti! Bila kujua kima wanavuka wapi hasa, utajaza matuta njia nzima na kumtikisa mgonjwa bure. Ukijua, utapunguza mwendo mahali pachache, kwingine gari zitembee. Diani, pwani ya Kenya, wamefunga madaraja ya ngazi juu ya barabara na mbega wanapita juu kwa juu. Yatafaa Jozani? Yajaribiwe, lakini nguzo ni za mtu mmoja, miti ni ya mwingine na waya wa umeme ni wa watatu.

Siombi kamati. Kamati tunazo, na maandazi yake tunayajua. Naomba fungu dogo la utafiti liwekwe ndani ya bajeti ya kila barabara inayopita msituni, na mchoro usipitishwe mpaka mtu wa misitu autie saini. Kisha madereva na utingo walipwe kitu kidogo kwa kuandika wanachokiona. Waanze na Ngezi, ambako njia ya kutoka Konde kwenda Vumawimbi inapita katikati ya msitu.

Niliposhuka, dereva aliniita dirishani. "Shekhe, wewe mwandishi, waambie basi matuta yatiwe rangi, usiku hayaonekani." Asubuhi nikapiga simu ofisi moja, nikaambiwa tuta si lao. Ya pili ikasema tuta ni lao, lakini aliyeliomba ni yule wa kwanza, kwa hiyo rangi nikamuulize yeye.