Mafuta ya breki kwa gari la trak: ya bei kali ukae nayo, au ya kawaida ubadilishe kila mara?

Wadau wa trak dei, zile siku unapeleka gari lako kukimbia kwenye njia ya mashindano, kwenye hii ishu ya mafuta ya breki wako kambi mbili, na kila kambi inaona wenzao wanachoma hela. Wa kwanza wanakwambia nunua yale ya mashindano ya bei kali, Castrol SRF na jamii yake, weka mara moja na msimu mzima husumbuki. Wa pili wanasema hiyo ni kujionyesha tu, chukua DOT 4 nzuri au DOT 5.1 ya bei ya kawaida (DOT na namba yake ni daraja la mafuta ya breki), kabla ya kila siku ya trak toa yote weka mpya, habari imeisha. Mi naona wote wana hoja, ila wengi wao wanabishana kwa kutumia namba ambayo sio yenyewe.

Twende taratibu. Ukikanyaga breki mwendo wa gari unageuka joto, na hilo joto linapanda kwa mraba wa spidi. Chukua gari la kilo 1,500. Kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa kunazalisha joto la kama kilojuli 580. Sasa njoo trak, uko 200 unashuka mpaka 80 ili uingie kona, gari hata halijasimama, na hapo tayari ni karibu kilojuli 1,940, zaidi ya mara tatu, afu mbele kuna kona nyingine na nyingine, raundi baada ya raundi, breki hazipati hata nafasi ya kupumua. Diski inabeba sehemu kubwa ya hilo joto, pedi inapokea yake, linapita kwenye pistoni ya kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski, mwisho linayakuta mafuta yaliyokaa nyuma ya pistoni. Mafuta yakiwa moto tu hayana neno. Shida ni yakichemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika wakati mafuta hayabaniki. Hapo ndo pedali inakuwa kama unakanyaga godoro, mguu unazama na gari linaendelea na safari zake.

Sasa namba. Kanuni ya Marekani, ile FMVSS 116, inataka DOT 3 isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi ikiwa mpya na kavu, yaani haijanyonya maji, DOT 4 nyuzi 230, DOT 5.1 nyuzi 260. Hivyo ni viwango vya chini, kiwanda kinaruhusiwa kuvuka kadri kitakavyo, ndo maana unakuta Motul RBF 600 imeandikwa DOT 4 ila inachemka kwenye 312, na ndugu yake RBF 660 inafika 325. Hii ndo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa, na ndo watu wanaibeba kwenda nayo kwenye mabishano.

Ila mafuta ya aina hii yametengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli inanyonya unyevu. Inaunyonya kupitia mipira ya breki, kupitia kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko wa tenki, kila ukifungua kuangalia inakunywa kidogo. Kuna namba ya pili kwa ajili hiyo, inapimwa mafuta yakiwa na takriban asilimia 3.7 ya maji: DOT 3 inashuka mpaka 140, DOT 4 mpaka 155, DOT 5.1 mpaka 180. Na usidhani inashuka pole pole kwa kunyooka, maji ya mwanzo mwanzo ndo yanaivuta chini zaidi, kwa hiyo mafuta ya miezi kadhaa ambayo kwa macho bado yanang'aa yanaweza kuwa mbali kabisa na ile namba ya kwenye chupa.

Angalia hizi Motul mbili kwa namba hiyo ya pili. RBF 600 na 660 zikiwa na maji zote zinacheza kwenye 205 hivi. Yaani ile ghali imekuongezea nyuzi 13 siku ya kwanza tu, zikishakunywa maji ziko sawa. Mtu anayebadilisha kabla ya kila trak dei anaweza kuzitumia hizo nyuzi 13, anayebadilisha mara moja kwa mwaka amenunua stika. SRF ndo tofauti, ile imetengenezwa kwa kemia nyingine, esta za silikoni, na ikiwa na maji bado inasimama kwenye 270. Soma tena hapo: SRF iliyochoka inapita kiwango cha chini cha DOT 5.1 mpya kutoka kwenye chupa. Kambi ya kwanza wanapotetea bei yao hoja yao yenye uzito ni hii, sio ile 320 ya ikiwa kavu wanayopenda kuitaja.

Kwa hiyo wanaosema weka moja ukae nayo, wako sahihi kama mafuta yenyewe ni ya aina hiyo. Wakisema hivyo hivyo kuhusu mafuta mengine ya mashindano eti kwa sababu tu chupa imeandikwa 300 na kitu, hapo wanajidanganya.

Kambi ya pili nao. DOT 4 nzuri iliyo mpya, mfano ATE TYP 200 yenye 280 ikiwa kavu, inatosha kabisa kwa gari jepesi lenye nguvu za kawaida na dereva anayepumzisha breki kila baada ya raundi kadhaa. Hoja yao ya pili naipenda zaidi: ukibadilisha mara kwa mara unakuwa unafungua magurudumu, unaona pedi zimebaki kiasi gani, unaona mpira uliopasuka, unaona pistoni inayovuja kabla haijakuumbua kwenye spidi 180. Mwenye SRF ambaye hajagusa breki mwaka mzima hayo yote hayaoni. Udhaifu wao ni kwamba mpango mzima unategemea nidhamu, na wengi wetu nidhamu hiyo tunayo mpaka msimu uanze. Jumamosi ya trak inakaribia, kazi zimebana, mtu anajisemea yale ya mwezi ule bado yako freshi.

Na kuna gharama wanayoisahau. Kutoa mafuta yote kwenye mfumo mzima kunakula karibu lita nzima, unatakiwa uwe na muda au umlipe fundi, na chupa ikishafunguliwa usiitunze mpaka msimu ujao, unyevu unaingia humo humo. Ukipiga hesabu ya lita, muda na fundi mara kadhaa kwa mwaka, ile chupa ya bei kali wakati mwingine inatoka nafuu. Wakati mwingine tu, maana anayekuja trak mara mbili kwa mwaka hesabu hiyo inamgeukia.

Kabla hujatoa hela hata hivyo hakikisha shida yako ni mafuta kweli, maana hapa watu wengi wanapotea. Breki zikikufelea trak sikiliza mguu. Kama pedali ni ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui, hizo ni pedi zimezidiwa joto, pedi za barabarani hazikuumbwa kwa kazi hiyo, na hakuna mafuta duniani yatakayokusaidia. Pedali ikiwa laini na inazama, hapo ni mvuke, au kuna hewa ilibaki ndani. Kuna na ya tatu inayochanganya watu: pedali inazama mara ya kwanza ukitoka kwenye kona kali, ukipiga ya pili inarudi vizuri. Hiyo mara nyingi sio kuchemka, ni beringi ya gurudumu ina mchezo, diski inayumba na kuzisukuma pistoni nyuma. Ukimwaga mafuta ya bei kali juu ya beringi mbovu utakuwa na mafuta ya bei kali na beringi mbovu.

Ukianza kutoa hewa tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uchomeke kwenye nipo ya kalipa, ile skrubu ya kutolea hewa, upande wa pili uzamishe kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Fungua nipo taratibu mwenzako akikanyaga na uangalie kinachopita mle: kwanza yanakuja meusi au ya kahawia, halafu vipovu vidogo vidogo, halafu yanakuwa meupe na hayana kipovu, hapo unafunga. Zamani ATE walikuwa na ya bluu na ya njano za uwezo ule ule, unabadilishana rangi kila mara ili ujue ya zamani imeisha, ujanja mzuri sana, ila kanuni ya Marekani inataka DOT 3, 4 na 5.1 ziwe zisizo na rangi mpaka kahawia ya asali, bluu ikaondoka kwenye soko lile. Kwenye gari la zamani usimwache mwenzako akanyage pedali mpaka chini kabisa, sili za masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, zinaweza kufika sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kuigusa zikachanika. Na yakimwagika kwenye rangi ya gari mwagia maji mengi hapo hapo, yanabandua rangi.

DOT 5, ile ya silikoni yenye rangi ya zambarau, achana nayo kwa kazi hii. Jina lake linafanana na 5.1 na watu wanajikwaa hapo. Hainyonyi maji, ndio, ila maji yakiingia yanakaa kivyake sehemu ya chini, kwenye kalipa penye joto, na maji yanachemka kwenye 100. Afu inashika hewa, inabanika zaidi, ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, haiipendi, na haichanganywi na zile za glaikoli. Na SRF pamoja na silikoni yake sio DOT 5, inakubaliana na mifumo ya DOT 4.

Kwa maoni yangu, gari la kila siku linaloenda trak mara chache, jepesi, liwekee DOT 4 ya mashindano ya daraja la kati kama RBF 600, badilisha yote mwanzo wa msimu, na kabla ya kila trak dei toa kidogo kwenye kila kalipa mpaka yale yaliyopikwa nyuma ya pistoni yaishe, usingoje yabadilike rangi. Gari zito lenye nguvu, au wewe unajijua huna muda wa kulala chini ya gari, lipia SRF bila kinyongo. Anayeanza kabisa apeleke hela kwenye pedi kwanza, abaki na DOT 5.1 mpya. Kama unaendesha na kwenye baridi kali nayo 5.1 ina faida yake, ni nyepesi: kanuni inairuhusu ifike 900 tu kwenye kipimo cha uzito wa kutiririka kwa nyuzi 40 chini ya sifuri wakati DOT 4 inaruhusiwa 1,800, na pampu za ABS za magari mapya zinapenda mafuta mepesi. Kwenye trak ya joto, hilo halikuhusu.

Yoyote utakayoweka, raundi ya mwisho iende bila kukanyaga breki kwa nguvu ili upepo upoze diski, na ukiegesha usivute hendibreki, acha gari kwenye gia. Gari likisimama upepo unakatika, joto la diski linaendelea kuingia kwenye kalipa, na kuna mafuta yaliyovumilia raundi zote yakaja kuchemka yakiwa pale pale yameegeshwa.