Daktari anapoinuka kitini angani

Mwaka 1995, ndani ya ndege iliyotoka Hong Kong kwenda London, Profesa Angus Wallace alimtoboa abiria kifuani. Hewa ilikuwa imevuja nje ya pafu na kulibana. Akisaidiwa na daktari mwenzake, aliingiza mpira wa mkojo kwa kutumia waya wa henga ya koti uliosafishwa kwa brandi. Mama yule akapona.

Je, kama angefariki, daktari angedaiwa fidia? Marekani imejibu swali hilo kwa sheria ya 1998 ya huduma za tiba angani: aliyejitolea kumhudumia mgonjwa ndani ya ndege hadaiwi fidia mahakamani, isipokuwa kwa uzembe uliokithiri au kudhuru kwa makusudi.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Kosa la kawaida nalo linaweza kumwacha mtu kilema, na ngao hii inamnyima pa kudai. Kwa nini yeye abebe hasara peke yake?

Hata hivyo, nasimama upande wa ngao. Daktari angani hana faili la mgonjwa wala maabara, kelele za injini zinazima sauti ya moyo kwenye stethoskopu, na pengine kazi yake ya kila siku ni magonjwa ya ngozi. Kumpima kwa kipimo cha hospitali ni kumfundisha anyamaze mhudumu anapouliza kama kuna daktari. Na wanahitajika: utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta dharura moja kwa kila safari 604, na karibu nusu yake zilihudumiwa na madaktari abiria.

Kinachonikera ni kifungu kingine, ambacho huzungumzwa kidogo. Sheria hiyo inalikinga pia shirika la ndege na makosa ya abiria huyo, mradi liliamini kwa nia njema kwamba ana ujuzi wa tiba. Daktari hakulipwa, hakuchagua mgonjwa wala vifaa. Shirika limeuza tiketi, na sanduku la dawa ni lake. Kweli, sheria hiyo iliagiza vifaa vya tiba ndegeni vitathminiwe upya, na tangu 2004 ndege kubwa za abiria za Marekani zinalazimika kubeba mashine ya kushtua moyo. Lakini kinga ya shirika haikufungwa na sharti hilo. Ningeifunga: sanduku likikutwa pungufu, shirika limlipe aliyeumia, na daktari abaki na kinga yake.