Samani za Kale za Uingereza na Kazi Zilizosahaulika

Kadi ndogo zinazowekwa kando ya samani za kale za Uingereza, iwe katika majumba ya makumbusho au katika kumbi za mnada, kwa kawaida hutaja mambo matatu: aina ya mbao, enzi ya mfalme au malkia fulani, na jina la fundi kama linajulikana. Jambo la nne, yaani kazi ambayo kitu hicho kilikuwa kikifanya nyumbani kila siku, aghalabu huachwa. Kwa maoni yangu, mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu. Samani hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakipambana na baridi, unyevu, wezi na aibu, na anayezitazama bila kuyajua mapambano hayo huona mbao zilizong'arishwa tu.

Nianze na kasha, kwa kuwa ndilo lililozaa mengi yaliyofuata. Katika Uingereza ya zama za kati, viti vilikuwa haba hata katika nyumba zenye uwezo, lakini mwenye mali yoyote ya kuhifadhi alihitaji kasha. Ndani yake ziliwekwa nguo, mashuka, hati na fedha. Kifuniko chake kilikaliwa kama benchi, na safari ilipotokea likapakiwa kwenye mkokoteni pamoja na vyote vilivyomo. Ukilichunguza kasha la mwaloni kwa karibu, utaona kuwa mbao za pembeni zimeteremka kupita kitako chake zikawa miguu, ili nguo zisivute unyevu wa sakafu ya udongo au ya mawe. Ukilifungua, mara nyingi utakuta upande mmoja, karibu na ukingo wa juu, kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake, cha kuwekea vitu vidogo ambavyo vingepotelea chini ya mashuka.

Kitasa nacho kina historia yake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, na daftari hilo litunzwe ndani ya kasha lenye vitasa viwili, ufunguo mmoja ukae kwa kasisi na mwingine kwa wazee wa kanisa. Kasha hapo likawa mkaguzi asiyelipwa mshahara, kwani hakuna upande uliopaswa kulifungua bila mwenzake kuwapo.

Kasoro ya kasha inajulikana na yeyote aliyewahi kulitumia: unachokitaka huwa chini kabisa. Mafundi waliongeza droo moja au mbili chini ya sehemu ya kifuniko, wakaendelea kuziongeza, na kufikia katikati ya karne ya 17 kifuniko kilikuwa kimeanza kutoweka na kabati la droo tunalolijua leo limezaliwa. Sioni mtindo wa kifalme katika mabadiliko hayo. Naona mtu aliyechoka kutoa mashuka yote ili apate soksi.

Baridi ndiyo iliyoamua umbo la mengine mengi. Kitanda cha nguzo nne kilizungushiwa mapazia mazito kwa sababu chumba kilipitisha upepo na watumishi waliweza kulala humo humo, na katika nyumba za matajiri mapazia hayo yangeweza kugharimu kuliko kitanda chenyewe. Watu hucheka kwamba wosia wa Shakespeare wa mwaka 1616 ulimwachia mkewe kitanda cha pili kwa ubora, lakini wosia huo unataja kitanda pamoja na vifaa vyake, na kwa wakati ule hiyo haikuwa mali ndogo. Kiti chenye mabawa mawili kando ya kichwa, ambacho siku hizi huwekwa sebuleni kwa madaha, kilimkinga mzee asipigwe na upepo wa mlangoni huku akiota moto.

Kisanduku cha chai cha karne ya 18 kina ufunguo, jambo linalomshangaza mtazamaji wa leo. Chai ilikuwa ghali, na kodi yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Bunge lilipoipunguza mwaka 1784 ilishuka kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5. Bibi wa nyumba ndiye aliyeshika ufunguo, kwa hiyo kisanduku hicho kinaeleza pia jinsi mabwana walivyowaamini watumishi wao.

Mahogani ndiyo mbao inayosifiwa zaidi, na ndiyo inayofichiwa mengi zaidi. Baada ya ushuru wa mbao kutoka makoloni ya Amerika kuondolewa mwaka 1721, magogo yaliingia kwa wingi kutoka Jamaika na baadaye kutoka Ghuba ya Honduras, na waliokuwa wakiyakata na kuyaburuta msituni walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Kadi ikisema mahogani ya Jamaika bila kusema hivyo, imeeleza rangi ya mbao tu. Thomas Chippendale, fundi wa samani wa Kiingereza ambaye jina lake hutajwa kwa heshima kila mahogani inapotajwa, alichapisha kitabu cha michoro mwaka 1754, na seremala yeyote aliweza kuiga. Ndiyo maana viti vingi vinavyoitwa kwa jina lake havikupita kamwe katika karakana yake.

Kuhusu aibu, mafundi wa karne hiyo walitengeneza makabati mazuri ya chumbani ambayo droo za mbele ni za bandia, na kumbe ndani yake kuna ubao wenye tundu na chungu cha haja. Baadaye wafanyabiashara wengi waliviondoa vyungu, wakaziba matundu na kuweka droo za kweli, kwa kuwa wanunuzi waliona haya. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi na huitwa ukarabati, lakini inafuta ushahidi wenyewe uliokifanya kitu hicho kistahili kuhifadhiwa. Kama ningewekewa makabati mawili ya aina hiyo mbele yangu, moja lenye droo nzuri na jingine lenye tundu lake, ningelipa zaidi kwa lile lenye tundu.